Wifi yangu aliandika riwaya ya binti mgonjwa wa akili, akatusomea mwaloni

Wakuu, habari zenu kutoka Ujiji. Kisa hiki sijakitia chumvi, na wifi mwenyewe karuhusu nikiweke hapa.

Mimi naanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha mzigo. Pia ni mmbea, najitaja mapema kabla hamjanitaja nyie.

Wifi yangu Zawadi, mke wa kaka, kaandika riwaya ya binti aliyeanza kuumwa akili akiwa chuo. Akanirushia PDF. "Wifi, soma. Ni ya kutunga tu."

Nikasoma mpaka wali ukaungua.

Humo ndani binti anaamini taa za mitumbwi ya dagaa ziwani zinamtazama yeye. Anaziba dirisha kwa kanga. Analala vizuri siku za mbalamwezi tu, maana siku hizo dagaa hawafuati taa na mitumbwi haitoki.

Nikashtuka. Mwaloni mbalamwezi wote tunanuna, hakuna kazi. Mtu anatungaje kitu kama hicho?

Halafu kuna vidonge wifi anameza kila jioni, anasema ni vya presha. Presha gani jamani, mwili wenyewe kama ufito?

Udadisi ukanishika vibaya, isije ikawa binti ni yeye, ila kumuuliza direct nikaogopa. Mbalamwezi ilipofika, tumekaa mwaloni na chanja za kuanikia tupu, nikamwomba atusomee wanawake wote. Nilitaka nimwangalie usoni. Akakubali, alitaka kujua watu wataipokeaje kabla hajaichapisha.

Walicheka mno. "Huyu mwandishi hajui mwalo! Nani anafurahia mbalamwezi?" Mama yangu mzazi, yaani mkwe wake, alikuwa anasuka ukili wa mkeka.

Kufika kwenye lile dirisha la kanga, jirani yetu Mama Yusta akasimama.

"Nani kakwambia mwanangu kaziba dirisha kwa kanga? Nimemficha ndani muda wote huu, leo unamsoma hadharani!"

Mama weee! Sisi tulijua Yusta yuko kwa shangazi yake Mwamgongo.

Mama Yusta akaendelea kwa Kiha, maneno ambayo siandiki hapa.

Sasa fikirieni. Zawadi akisema ni hadithi tu, yule mama anaondoka akijua kasalitiwa. Akisema ukweli, mkwe huyo hapo anasikia. Huku kwetu nimeona mke akirudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Akaizima simu aliyokuwa anasomea, nikajuta kumwita.

"Siyo mwanao, mama. Ni mimi."

Mama Yusta akakaa. Akauliza taratibu, "Na ukaolewa?"

"Nimeolewa, nimezaa. Sijapona moja kwa moja, natumia dawa na naenda kliniki."

"Utanipeleka?"

"Kesho, mama. Twende na Yusta."

Mimi macho yote kwa mama yangu. Akaweka ukili chini.

"Mume wako anajua?"

"Anajua, mama. Tulikuwa tunakuogopa wewe."

Mama akasogea karibu na Zawadi. Kisha akasema, "Haya, soma. Huyo binti anakuwaje baada ya hapo?"

Wakuu, nililia mbele za watu, na mimi siyo mtu wa kulia.

Yusta ameanza kliniki. Bado ana siku mbaya, nisiwadanganye, lakini juzi alikuja mwenyewe kutusaidia kugeuza dagaa.

Nilichojifunza: nilikuwa namchunguza wifi nijue kama ni yeye, wakati jirani yangu anateseka ukuta wa pili na sikuwahi hata kumuuliza Yusta anarudi lini. Tuwaulize watu hali zao, tena tuwe tayari kusikia jibu.

Wenye ndugu wa hivi, mliwaambiaje wakwe? Nyie mliowahi kuugua, nini kiliwasaidia? Tiririkeni, ila matusi pelekeni kwingine.

Na kwa mtakaouliza kitabu kitatoka kwa jina gani: Zawadi alitaka kutumia la kubuni. Mama kamkatalia jana, kasema aweke lake, na baada ya hilo aandike la ukoo wetu.