Pale Maji Yalipolala

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa jinsi kiganja changu kilivyokuwa kinawaka. Nilikuwa nimekipiga juu ya kaunta ya mapokezi, nikakipiga tena, mpaka kengele ndogo ya kuitia wahudumu ikaanguka sakafuni. Tulikuwa katika nyumba ya wageni huko pwani ya Tanzania, katika mji ambao watu hutoka nchi za mbali kuja kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kochi umefungwa taulo, midomo imebadilika rangi, bibi yako akikusugua mgongo. Nusu saa kabla ya hapo bahari ilikuwa imekuchukua, na ilikuwa imebaki kidogo isikurudishe. Nikaenda kwa meneja kumwambia hivyo. Yeye akafungua soda, akatia mrija, akanisukumia.

"Kunywa, dada yangu, presha ishuke. Mtoto si mzima?" Kisha akaongeza, akitabasamu: "Nyinyi watu wa ziwani mnadhani maji yote ni ya beseni."

Subira yangu ilikatikia hapo.

Nilimwita mwizi. Nilimwita muuaji. Nilimtajia mama yake, jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri halifanyi. Wageni wengine wakatoka vyumbani, wakasimama na simu wakinirekodi. Baba yako alinishika kiwiko, akaninong'oneza kwa Kinyarwanda kwamba twende, watu wanatuona. Unatujua sisi wa Kigali, ugomvi wetu huwa tunaufungia mlango kwanza. Nikamsukuma. Na meneja, mwanangu, hakukasirika hata kidogo. Aliwafungulia mikono wale wageni akasema kwa upole, "Mnamwona wenyewe. Mama wa watu ana stresi za safari." Wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto yule kwenye kochi amepatwa na nini. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Nakuandikia haya kwa sababu wiki ijayo unaingia shule ya bweni. Kule utaonewa. Sisemi labda, nasema utaonewa, maana nami nilisoma bweni na ninajua watu wakiishi pamoja kinachotokea. Mimi si mzee, mvi sina, na hasira zangu bado ni mbichi kama unavyozijua. Lakini nasaha hii nilipewa na mzee, na nikisubiri nizeeke ndipo nikupe, utakuwa umeshaumia.

Safari ile ilikuwa ya bibi yako. Alikulia Bujumbura, akarudi Rwanda mtu mzima, na maisha yake yote alikuwa ameyaona maji ya ziwa tu. Baba yako alimwahidi kwamba atamwonyesha maji yasiyo na ng'ambo. Basi akaomba likizo kwenye duka la vigae alikoajiriwa, pale Sonatubes mjini Kigali, tukapanda basi tukavuka mpaka wa Rusumo, tukasafiri mpaka miguu ya bibi yako ikavimba. Alipoiona bahari alisimama muda mrefu, halafu akasema, "Sasa hii inakwendaga wapi yote?" Tulicheka sana. Tulikuwa na furaha, nataka ulijue hilo pia.

Asubuhi yake tukashuka ufukweni. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake, lakini mimi nilidhani nayajua. Kule Rubavu, kwenye Ziwa Kivu, tulikokuwa tunakwenda siku za sikukuu, kila mzazi ana kanuni moja: mtoto mpeleke pale maji yalipolala. Penye mawimbi wacha waingie wakubwa. Kwa hiyo nilisimama mchangani nikatazama. Kushoto mawimbi yalikuwa yanavunjika, meupe, yana kelele, na wapanda mbao wamejaa. Kulia vilevile. Katikati palikuwa na njia ya maji laini, imetulia kama shuka iliyopigwa pasi. Nikakunyooshea kidole. Nikakwambia, "Keza, wewe chezea pale."

Ukaenda. Maji yalikufika magotini, kisha kiunoni, halafu nikaona kichwa chako kinarudi nyuma huku uso wako unatutazama sisi. Hukuwa unaogelea kwenda ndani. Ulikuwa unapelekwa. Baba yako akaingia na suruali yake na viatu vyake. Kijana mmoja aliyekuwa akifundisha wageni kupanda mawimbi, anaitwa Hamza, akampita mbio na ubao wake.

"Baki hapo, mzee!" alimpigia kelele. "Usinipe wawili wa kuokoa!"

Akalala juu ya ubao, akaifuata ileile njia laini, ikampeleka kwako upesi kuliko mtu anavyokimbia. Hakurudi nayo. Alikuzungusha pembeni, akakuleta kupitia mawimbi yale meupe niliyokuwa nimeyaogopa, yakawasukuma mpaka mchangani. Ulitapika maji. Ukaniuliza ndala zako ziko wapi.

Hamza alikaa chini akihema. "Mama, pale panapotulia ndipo maji yanaporudia baharini. Ule ni mlango wa kutokea. Hamkuona bendera?"

"Bendera gani?"

Akageuka kunionyesha. Tukauona mlingoti, kamba inapigwa na upepo, juu hakuna kitu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba bendera nyekundu huwa ipo siku zote, lakini meneja aliiteremsha ili apige picha za tangazo, maana wageni wakiona nyekundu kwenye picha hawaji. "Alisema atairudisha. Naomba usinitaje, mama. Kazi yenyewe ndiyo hii."

Ndipo nikaenda kwenye kaunta. Mengine umeshayasikia.

Baada ya kuaibika vile nilijifungia chumbani, nikaanza kutupia nguo kwenye begi. Baba yako alikuwa amekaa kitandani bado na suruali inayochuruzika. "Twende zetu nyumbani," akasema. "Tusikae kubishana na watu walio kwao." Bibi yako alikuwa amekukalisha bafuni anakuosha nywele kwa maji baridi, anatoa mchanga kidogo kidogo. Hakuinua kichwa.

"Weye mukazana," aliniita, na akiniita mke wa mwanawe badala ya mama Keza najua pana jambo. "Acha begi. Kaa hapa."

Nikakaa kando ya beseni.

Lazima nikwambie bibi yako alikuwa nani kabla hujamjua kama bibi. Huku mtaani kwetu Nyakabanda alikuwa mmoja wa abunzi, wale watu wazima ambao majirani huwachagua kusikiliza kesi ndogo kabla hazijafika mahakamani. Mipaka ya viwanja, mbuzi aliyekula maharage ya mtu, ndugu waliogombania mabati. Alikaa kwenye benchi lile miaka mingi.

"Pale kwa benchi," alisema, "walikuwa wanakuja watu wa namna mbili. Mmoja anakuja na kilio, mwingine anakuja na neno. Mwenye kilio tulimpa maji ya kunywa. Mwenye neno tulimpa haki. Leo weye umepewa soda."

Mwanangu, hajawahi mtu kunichapa kofi lililoniuma kama lile.

"Ulikuwa unataka nini kwa yule bwana?" akauliza.

"Nataka ajute, Mama."

"Kujuta kwake utakula na ugali? Sema unachotaka kitokee."

Nikafikiri. Kumbe sikuwa nimefikiri tangu asubuhi. Kwenye kaunta palikuwa na karatasi imebandikwa, inawakaribisha wanafunzi wa shule moja ya bara, wanaofika jioni ileile. Watoto wa bara, waliozoea mito na mabwawa. Kesho asubuhi wangesimama mchangani na walimu wao, wangetazama kushoto, wangetazama kulia, na wangechagua palepale nilipochagua mimi.

"Nataka bendera irudi kabla watoto wale hawajaingia majini," nikasema.

"Haya. Hilo ni neno." Akakumiminia kopo jingine la maji kichwani, ukalalamika kwamba macho yanawasha, akakufuta. "Na nani alimpeleka Keza pale?"

Nikaokota taulo, nikaanza kulikunja.

"Nakuuliza."

"Ni mimi."

"Basi weye ndiye useme, na useme mwanzo. Usipolisema weye, yeye atalisema, na likitoka kwake hakuna atakayekusikiliza tena. Halafu sema ulichoona kwa macho yako. Yule kijana aliyekuletea mtoto, muache na kazi yake. Mlingoti bila bendera hauhitaji shahidi."

Kwetu Rwanda mtu mwenye shida haanzi kwa wakubwa. Anaanza kwa kiongozi wa mudugudu, yaani kitongoji, yule anayekaa nyumba ya jirani. Basi tukauliza njia, tukaambiwa huko kuna mwenyekiti wa mtaa. Baba yako alibadilisha suruali akaja nasi. Hakuwa anapenda, lakini alikuja, akakubeba mgongoni njia nzima.

Mwenyekiti tulimkuta barazani kwake anapara samaki. Mzee mnene, miwani imeshuka puani. Aliniangalia, akaangalia simu iliyokuwa juu ya kigoda, akaniangalia tena.

"Wewe si ndiye huyu mama wa kwenye video?"

Video ilikuwa imefika kabla yangu. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

"Meneja kanitumia mwenyewe," akasema. "Anasema ana mgeni mkorofi, nijiandae. Hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi, mama. Samaki anajirusha mwenyewe ndani ya chombo, mvuvi hata hajatoa jasho."

Siku nyingine ningemjibu. Nilisikia bibi yako anakohoa nyuma yangu, kikohozi kisicho na mafua.

"Ndiye mimi, mzee," nikasema. "Nilimtukana, na nilikosa. Na mtoto nilimpeleka mwenyewe pale alipochukuliwa na maji. Hayo ni yangu. Nimekuja kwa ajili ya bendera."

Kisu kikasimama. "Bendera imefanya nini?"

"Haipo."

Akavua miwani. Kumbe bendera ile haikuwa ya meneja wala ya nyumba yake ya wageni. Ilisimamishwa na wananchi wa mtaa baada ya msiba mmoja ambao mzee hakutaka kuueleza, alisema tu kwamba alikuwa mtoto wa dada yake. Alinawa mikono muda mrefu. Kisha akaniletea kalamu na karatasi. "Andika. Nikienda na maneno ya mdomo ataniwekea na mimi soda, kama ile ya kwenye video."

Nikaandika nikiwa nimepiga magoti, karatasi juu ya kigoda, na wewe umelala mgongoni kwa baba yako.

Jioni, basi la wanafunzi lilipokuwa linaingia getini, kamati ya mtaa ilikuwa inatoka ufukweni. Bendera ilikuwa juu, na meneja ndiye aliyekuwa amewashikia ngazi. Hakuniomba radhi, si siku ile wala tulipoondoka, na soda ile aliiweka kwenye hesabu ya chumba. Bado namchukia, nisikudanganye. Lakini asubuhi niliwaona watoto wale wakichezea upande wa mawimbi madogo, walimu wamesimama, wanapiga kelele za furaha, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sisi tupo duniani.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukionewa, kasirika. Atakayekwambia usikasirike ana lake. Lakini hasira ikishakuamsha kitini, iache hapohapo kwenye kiti, wewe uende. Kabla hujafungua mdomo jiulize unataka kitokee nini, na kama jibu ni machozi ya mtu, rudi ukakae ufikiri tena. Kosa lako litaje wewe mwanzo, kwa ufupi, bila kujipaka majivu, kisha endelea na lao. Nyani haoni kundule. Wewe lione, upate nguvu ya kuonyesha la mwenzio. Usimponze mnyonge aliyekusaidia. Anza kwa aliye karibu. Na mahali papya usipopajua, usiyaamini macho uliyotoka nayo nyumbani. Uliza wenyeji. Uliza hata kama watakucheka.

Mungu akutangulie katika kila maji utakayoingia, mwanangu. Akupe watu wa kukurudisha, na ulimi wa kuwatetea wanaokuja nyuma yako. Bibi yako ametangulia, lakini naamini naye anasema amina.

Na kwa kuwa uliniomba mara nyingi nikwambie niliandika nini siku ile, niliandika hivi:

"Kwa Mwenyekiti wa Mtaa. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Nyakabanda, Kigali, mgeni katika mtaa wako. Leo asubuhi nilimwambia binti yangu aingie baharini mahali palipotulia. Sikuuliza mtu, na hilo ni kosa langu. Maji yalimchukua, akaokolewa, ni mzima. Baadaye nilimtukana meneja wa nyumba ya wageni mbele za watu, na hilo pia ni kosa langu. Mlingoti wa mahali hapo hauna bendera. Kama ingekuwepo, nisingemwingiza mtoto. Jioni hii wanafika watoto wengine ambao wazazi wao hawapo. Siombi fidia wala msamaha. Naomba bendera."