Maboksi Aliyoyaona Mizani

Mizani alidanganywa na mdogo wake wa tumbo moja. Alionyeshwa rafu iliyojaa maboksi, akaambiwa ndani mna spea za gari, naye akaenda kuwaapia wenzake kwamba spea kaziona kwa macho yake. Maboksi yalikuwa matupu. Mdogo wake alilijua hilo tangu mwanzo, lakini hadi leo anayeona haya mbele za watu ni dada mtu.

Jina la Mizani hakupewa na wazazi. Alipewa na wauza mboga wenzake katika ua wa nyuma ya soko, kwa sababu ya mikono yake. Mpe gunia la vitunguu alinyanyue mara moja tu kutoka chini, atakwambia uzito wake, na kama mkulima kaficha udongo humo atakwambia pia. Mnunuzi na muuzaji wakianza kubishana, watu walisema, "Mwiteni Mizani," na ubishi ulikwisha. Shule hakuiona. Umri wa kwenda shule ulimkuta anauza mafungu ya nyanya kwenye soko hilohilo, na mtoto mgongoni, maana mama yao alikuwa kibaruani. Mtoto huyo ndiye huyu mdogo wake. Mzigo wa kwanza ambao Mizani aliujua uzito wake ulikuwa yeye.

Wanawake walikuwa sita na pikapu yao moja. Ilikuwa ya Kijapani, ya dizeli, kuukuu hata rangi yake ya asili ilibaki kwenye milango tu. Springi ya kiti cha mbele ilikuwa imetoboa kitambaa, na aliyeikalia ni Mizani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msemaji wao shambani na njiani. Ikipanda mlima wa kutoka mashambani ilikohoa kama mgonjwa wa kifua. Bi Kabichi, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, alikuwa akisema, "Mtu akikwambia hajui kusali, mpakie humu umpandishe mlima."

Lakini ikiharibika, ilitengenezwa palepale ilipoharibikia. Filta yake iliuzwa hata kwenye duka la sabuni na chumvi. Fundi yeyote wa kando ya barabara aliweza kufungua nozeli za kupulizia dizeli akazisafisha, akazirudisha, na kazi ikaendelea. Dereva wao, waliyemwita Shemeji ingawa hakuoa kwa yeyote kati yao, aliwahi kulifunga bomba la dizeli kwa kipande cha mpira wa ndala, na wakafika sokoni kabla nyanya hazijalegea.

"Hii gari haina siri," alipenda kusema. "Ikiumwa inasema inaumwa wapi."

Mdogo wake Mizani alikuwa ameajiriwa na watu walioleta pikapu za Kimarekani. Jumamosi moja akaja na mojawapo mpaka uani. Ilikuwa ndefu, pana, viti vyake laini kama vya sebuleni, na ikiwashwa injini ilinguruma taratibu, kwa chini. Wanawake waliizunguka. Bi Kabichi alijitazama kwenye mlango wake, akafunga kilemba upya.

"Pakieni," mdogo wake akasema. "Pakieni mpaka muone haya wenyewe."

Wakaenda nayo shambani, wakapakia magunia ambayo ile kuukuu ingeyabeba kwa safari mbili. Mizani akakaa mbele. Mlima ule waliupanda kama mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti.

"Dada, unasikia inahema?"

"Siisikii."

"Basi ndiyo hiyo."

Waliporudi, Bi Kabichi alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Mlima tumeuona, mwanangu. Sasa ikilala njiani nani ataiamsha? Yetu hii hata fundi baiskeli anaijua. Hiyo yako ina fundi?"

"Karakana ipo, mama. Mafundi wapo, spea zipo. Lakini mimi muuzaji, mtasema natia chumvi. Nitamchukua dada akaone mwenyewe, aje awaambie." Akamshika Mizani bega. "Mimi mtanikataa sawa. Huyu mtamkataa?"

Hakuna aliyeweza kumkataa. Hapo ndipo alipowashika wote, kwa kumshika mmoja.

Karakana ilikuwa na sakafu iliyopakwa rangi, na mashine ya kunyanyulia gari juu. Mafundi wawili walisimama ndani ya maovaroli mapya, hata mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Ukutani palikuwa na rafu ndefu, na juu yake maboksi yamepangwa hadi darini, kila moja na picha ya kilichomo: pampu, nozeli, chujio. Mizani hakuwa msomaji, lakini picha alizielewa. Akanyoosha mkono kwenye boksi lililokuwa karibu, kama alivyozoea kufanya kila alipoonyeshwa kitu cha kununuliwa.

Mdogo wake akaudaka ule mkono kwa upole. "Achana na mavumbi hayo, dada, utachafuka. Njoo unywe soda."

Boksi halikuwa na vumbi. Mizani aliliona hilo, na bado akaushusha mkono. Angekuwa muuzaji mwingine angelinyanyua. Lakini huyu alikuwa mtoto aliyemlea, na kumpima mbele ya mafundi wake aliona ni kumvunjia heshima. Akanywa soda. Ilikuwa ya baridi, na aliisifu.

Uani walikuwa wanamngoja. "Nimeona kwa macho yangu," akawaambia. "Rafu imejaa mpaka juu. Spea ni za kumwaga."

"Umezinyanyua?" Bi Kabichi akauliza, kwa utani.

Wote wakacheka. Mizani naye akacheka, na hakujibu. Kicheko chake kikachukuliwa kuwa ndiyo.

Ile ya Kijapani wakaiuza, wakachukua ya Kimarekani. Na ukweli usemwe, mwanzoni ilifanya kazi ya kiume. Safari mbili zikawa moja, kabichi zikafika hazijachubuka, na Mizani kwenye kiti chake laini alianza kupunga mkono njiani kama mke wa waziri. Wenzake walimtania wakimwita Mheshimiwa. Aliupenda utani huo, na sasa akiukumbuka hujifunika uso kwa kanga.

Siku taa ya njano ilipowaka kwenye dashibodi, walikuwa nusu ya mlima na mzigo wa kabichi. Gari halikuzimika. Lilikosa tu nguvu, likawa linatambaa, hata watoto wa shule wakalipita kwa miguu. Shemeji akafungua boneti, akatazama, akajikuna kisogo.

"Hapa sijui hata pa kushika," akasema.

Fundi wa kando ya barabara alikuja, akatazama naye, akafuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Hii inataka kupimwa na kompyuta. Sina. Kwani mliponunua hamkuambiwa inatibiwa wapi?"

"Tuliambiwa," alisema Bi Kabichi, akamgeukia Mizani. "Si ndiyo?"

Gari likavutwa kwa kamba ya trekta mpaka karakana. Mizani na Bi Kabichi walikaa ndani yake pamoja na Shemeji, na kabichi zikianza kunuka nyuma yao.

Karakana sasa ilikuwa inaziba matairi ya malori. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye kaptula, na aliwasikiliza mpaka mwisho. "Wale? Wale walikodi hapa kwangu siku chache tu, wawe wanaleta wateja. Wakaja na maboksi yao. Waliondoka wakayaacha, yamebaki pale kwenye kona. Wajukuu wangu wanachezea. Mkiyataka, chukueni."

Maboksi yalikuwa pale, yamepangwa vilevile, na picha zake. Mizani akaenda mpaka lililokuwa na picha ya pampu, akainama, akatia mikono chini yake, akalinyanyua kama mtu anayenyanyua pampu ya chuma. Mikono yake iliruka juu hata nusura aanguke chali.

Bi Kabichi alimwona. Aligeuka akatazama matairi. Mizani angependa atukanwe.

Jioni yake alikwenda kwa mdogo wake. Wifi yake alikuwa anaondoa vyombo. Alipomwona sura alivirudisha mezani taratibu, akaingia ndani.

"Dada, karibu. Nimesikia. Lakini ile gari siyo mbovu, ile ni sensa tu ya injini imekufa, kidude kidogo..."

"Sikuja kwa ajili ya gari. Maboksi ulijua ni matupu?"

"Bosi alisema spea ziko njiani. Kweli zingekuja."

"Nimekuuliza ulijua?"

Mdogo wake alikizungusha kikombe juu ya meza. "Nilijua."

"Na mkono wangu ukaudaka."

Akakisukuma kikombe kando. Baadaye akasema, "Dada, nilikuwa natafuta riziki. Wewe mwenyewe unajua kutafuta. Niambie unataka nini, nitahangaika."

"Sitaki uhangaike. Njoo uani Jumatatu asubuhi, wote wakiwepo. Useme hilo ulilosema sasa hivi. Kwamba ulijua, na mimi sikujua."

"Wale wanawake watanitafuna mbichi!"

"Mimi naishi nao."

Akashusha pumzi. "Haya. Nitakuja."

Jumatatu, Mizani akawakusanya wenzake. Akawaambia mdogo wake anakuja na ana la kusema. Wakakaa juu ya magunia wakingoja, na kila mlango wa ua ulipolia walitazama. Jua likapanda. Wateja wakaanza kuita. Mmoja baada ya mwingine, wanawake wakainuka wakaenda kwenye meza zao, wala hawakumlaumu. Shemeji ndiye aliyekaa naye mwisho, akijifanya anakagua tairi. Kwa mara ya pili Mizani alikuwa ametoa neno kwa niaba ya mtu yuleyule, na kwa mara ya pili neno limetoka tupu.

Pikapu ile ilinunuliwa na kampuni ya kusaga kokoto, yenye mafundi wake na kompyuta yake. Kilichokuwa kinasumbua kilitengenezwa kwa siku moja. Siku hizi Mizani huiona ikipanda ule mlima na tela la mawe nyuma yake, haihemi. Kila ikipita yeye hutazama upande mwingine. Ingekuwa gari bovu angepata cha kulaumu, lakini gari ni zima, tena zima kuliko lao. Kilichokosekana ni mtu wa kuliangalia, na yeye ndiye aliyesema yupo.

Wanawake wamerudi kwenye ya Kijapani, kuukuu kuliko ile ya kwanza. Shemeji alipoiona alilibusu boneti, wote wakacheka. Mizani alicheka kidogo. Wakitoka kwenda shambani humwita, "Mizani, njoo mbele, kiti chako kile." Yeye hupanda nyuma, akakaa na magunia matupu, uso ukipigwa na upepo na vumbi.

Na pale penye mlango wa ua sasa pananing'inia mzani wa chuma, wa ndoano, mpya.

"Ni kwa ajili ya wateja tu, shoga," Bi Kabichi alimwambia siku ulipotundikwa. "Wageni hao, hawakujui."

"Najua," alijibu Mizani, akaendelea kuchambua vitunguu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hakuna anayemdai tena mdogo wake spea wala gari. Anadaiwa asubuhi moja: asimame kwenye mlango ule, chini ya mzani ule, mbele ya wanawake watano na dereva, aseme alijua na dada yake hakujua. Hadaiwi bosi wake, wala wale mafundi wa kukodiwa. Anadaiwa yeye. Mizani hatamfuata mara ya pili kumkumbusha. Njia ya kuja sokoni anaijua; aliizoea tangu akiwa mgongoni.