Magoti Yetu Siku ya Mechi na Lagangabilili

Sogea karibu kidogo, nikusimulie jambo ambalo mpaka leo linanitia kinyaa. Wiki iliyopita nilikuwa buchani hapa Bariadi, muuzaji akapasua tumbo la mbuzi na kumwaga yale majani yaliyosagika nusu. Harufu ile chachu ikanirudisha Nkoma, kwenye timu ya wasichana ya shule yetu ya msingi. Niliondoka bila nyama.

Kocha wetu alikuwa Mfini. Ufini ni nchi ya mbali kaskazini, na huko alicheza mpira wa kulipwa kama kiungo, kwenye viwanja ambavyo theluji hufagiliwa kwanza. Goti lilipomshinda akafundisha timu ndogo za kwao, kisha akaja kwetu kujitolea. Tulifanya mazoezi jioni, tukitoka kuchuma pamba, vidole vimechanwachanwa na makaka yake, yale maganda makavu yenye ncha. Mimi nilikuwa kiungo, kwa hiyo alinisumbua kuliko wote: kabla mpira haujakufikia, geuza shingo, angalia nani yuko nyuma yako. Alikula michembe ya bibi yangu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani na kupikwa kwa karanga, akaomba tena. Salamu ya Kisukuma aliijua moja tu, ya asubuhi, na aliitoa hata jua likizama. Tulimtania: "Mwangaluka, kocha. Ndiyo unaamka?" Akatueleza taratibu kwamba kwao kuna miezi ambayo jua halizami kabisa, kwa hiyo hajakosea.

Ikaja mechi na Lagangabilili. Mwenyekiti wa kamati ya timu alishasema wazi kwamba tukishindwa Mfini aondoke, atafutwe mtu anayejua mambo ya hapa. Sisi tulimtaka abaki.

Asubuhi hiyo mwenyekiti alituita nyuma ya darasa. Alikuwa na ndoo ya uchafu wa tumbo la mbuzi, umechanganywa na dawa ya mizizi. Tujipake magotini, kisha tuingie uwanjani kwa kupenya ua wa minyaa. Nikueleze: timu nyingi hukwepa lango la kuingilia uwanjani kwa kuhofia kwamba wapinzani wametega uchawi pale. Tukajipaka. Ulikuwa wa vuguvugu, wenye nyuzinyuzi, ukashuka mpaka kwenye soksi. Nzi wakatufuata. Mimi nilitapika uji wote.

Kocha alitukuta hivyo. Akauliza ni nini, tukamwambia. Hakucheka. Alipandisha suruali akatuonyesha goti lake, limevimba na kujaa makovu. Alisema daktari wa timu yake alilidunga sindano kila mechi ili asisikie maumivu, mpaka likaharibika.

"Watu wazima walitaka kushinda," alisema. "Goti lilikuwa langu. Haya ni yenu. Amueni wenyewe."

Aliyechota maji wa kwanza ni mimi. Nilinawa, wenzangu wakafuata. Tukacheza vizuri, tukafungwa bao moja.

Jioni kamati ilikaa, kocha akiwa palepale, nami nikaitwa. Mwenyekiti aliongea kwa upole, kama anambembeleza mgonjwa.

"Sema tu, mayu, mama yangu. Nani aliwaambia mwoshe dawa?"

Niliiona fimbo mezani. Nikasema ni kocha, ametuamuru.

Nilidhani atakana. Aliwageukia wale wazee akawaambia, "Huyu alicheza vizuri sana leo. Msimtoe kwenye timu." Wiki haikuisha akapakia begi lake kwenye pikipiki, akaondoka.

Uwanja ule sasa umejengwa nyumba. Timu ya wasichana haikumaliza hata mwaka. Mwenyekiti alizeeka akiheshimiwa, watu wakimpisha kiti, na kila nilipomwona nilitema mate pembeni. Lakini nisikufiche: uchafu wa ndoo ile ulitoka kwa sabuni siku ileile. Uongo wangu bado nausikia mdomoni, na yule mtu sijui hata kama yu hai nimwombe radhi. Mtoto mwoga husema lolote mbele ya wakubwa, ndiyo maana hafai kuachwa nao peke yake.

Kwa hiyo, mwanao akichaguliwa kwenye timu, siku ya mechi fika saa moja kabla. Nenda pale wanapovalia jezi, keti, na usiondoke mpaka waingie uwanjani.