Mkate Ulioonjwa Nyuma ya Ukuta

Kila Jumamosi Mwalimu Nakal huoka mkate mmoja nyumbani kwake Lodwar, katika bati la mwisho lililobaki kutoka darasa la uokaji katika kambi ya Kakuma. Bati limepinda pembe. Darasa lilifungwa miaka minne iliyopita, lakini hamira bado anaipima kwa kijiko kile kile, na bado anasema "darasa letu" kana kwamba Jumatatu kuna masomo.

Kuoka alijifunza Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, katika mgahawa uliolisha wachuuzi wa samaki. Alifika Kakuma akiwa na miaka hamsini, kufundisha uokaji kwa watu wazima kumi na watano, wengi wao wakimbizi. Mahesabu ya unga yaliwatia usingizi. Akabuni njia yake: kila Ijumaa mikate yote inakatwa, kila mtu anaonja wa mwenzake, anasema kweli.

"Huu wako, Hoodo, ni wa kujengea," mmoja alikuwa akisema.

"Jenga basi. Si nyumba yako inavuja?" Hoodo, muuza chai kutoka Somalia, alikuwa akijibu.

Mwanamume alikuwa mmoja tu, Makur, Mdinka wa Sudan Kusini mwenye watoto wanne. Hakuna aliyekanda unga kama yeye. Ila alikanda akiuelekea ukuta, na visu vya kukatia mikate vilipotolewa alivaa viatu aondoke.

"Nimeshiba, mwalimu."

"Umeshibaje na hujala?"

Ijumaa ya pili, vivyo hivyo. Shirika lililogharamia mafunzo lilikuwa na sharti: anayekosa kuonja mara tatu hapati cheti, na bila cheti hapati tanuri wanalopewa wahitimu. Nakal alimwambia mbele ya wote, "Kama mkate wa wanawake unakushinda, nenda ukabebe mawe." Makur aliinamisha kichwa, akaenda zake. Hilo Nakal hulisimulia akitazama pembeni.

Alasiri ile alifuatwa na Agot, mwanafunzi mkubwa kuliko wote kwa umri.

"Mwalimu, mimi ndio utoe."

"Umekosa nini, mama?"

"Makur ameoa binti yangu. Kwetu sisi, mume wa mtoto hawezi kula mbele ya mama mkwe. Ni aibu, yake na yangu. Yeye ana watoto. Mimi nitauza kuni."

"Mbona hakuniambia?"

"Angesema aje? Mimi nilikuwa nimekaa hapo."

Nakal alinieleza hivi: "Nilijua kila mmoja anaandika kwa mkono gani. Sikujua nani ameketi na nani." Alimkatalia Agot kuondoka.

Ijumaa ya tatu benchi lilikuwa nje, limeegemea ukuta wa mabati. Makur, aliyeitwa arudi, aliomba atoke mwenyewe, akidhani anafukuzwa. Nakal alimwonyesha benchi. Hoodo akambebea sahani ya vipande bila kusema kipi ni cha nani, na hukumu za Makur zikapita katika mabati.

"Wa kwanza, chumvi imezidi!"

"Huo ni wako mwenyewe!" Hoodo akapiga kelele, na darasa likaangua kicheko.

Kipande cha sita kilichelewa kujibiwa.

"Huu," sauti ikasema, "aliyeukanda hakuwa na haraka. Msimfundishe kitu."

Ulikuwa wa Agot. Alijifunika mdomo kwa kitambaa, akaendelea kupangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Tangu hapo hakuna aliyekosa Ijumaa. Wanawake waligombania mikate yao iwe kwenye sahani ya kwanza kupelekwa nje, na waliokuwa wakisinzia sasa walibishana kuhusu chumvi tangu Jumatano. Siku ya mtihani mkaguzi aliuliza kwa nini mtahiniwa yuko nje. "Anaonja," Nakal alisema. Mkaguzi alisimama ukutani, akasikiliza hadi kipande cha mwisho, akaweka alama.

Makur na Agot walipata vyeti wote wawili. Walichukua matanuri mawili, wakayajenga mgongo kwa mgongo, ukuta katikati. Kila mwisho wa mwezi dereva wa lori huleta Lodwar mikate miwili ndani ya karatasi moja, bila jina. Nakal huonja, kisha humtuma dereva na salamu mbili tofauti. Hajawahi kukosea ni upi wa nani.

Mkate wake wa Jumamosi huukata vipande viwili. Kimoja hukila jikoni. Cha pili hutoka nacho nje, na kuketi kwenye benchi aliloegemeza ukutani kama lile la Kakuma, akitafuna polepole.

"Ndani," anasema, "hakuna wa kuniambia kwamba chumvi imezidi. Hapa nje bado namsikia Makur."