Hamira ya Ngowa

Niacheni niseme, maana hata mimi nimo. Ngowa alikuwa mgema wa tembo hapa Mtopanga, na mlevi wa tembo lake mwenyewe. Mkewe, Kafedha, alivumilia hata akachoka, akafunga virago akarudi kwao Kaloleni. Mwaka wa themanini na saba Ngowa akaokoka. Kafedha alipopata habari alituma neno: "Akae mwaka mzima bila kulewa, nami nitarudi." Na Ngowa alimtaka mkewe, jamani! Alikuwa akipika ugali, akiutazama, kisha anasahau kuula.

Tatizo, hakujua kazi nyingine ila kukwea minazi. Nikamwonea huruma, mimi Selpher, mpika vitumbua. Nikamwambia, "Kaka, si tembo ndilo linaloumua vitumbua vyangu? Waache walevi, tuuzie sisi wapishi, na uliite hamira." Tukamuuliza Pasta Phineas, mtu wa bara ambaye mnazi aliujua kwa nazi tu, kama hamira ni dhambi. Akacheka, akasema hata Bwana Yesu aliitaja chachu. Haleluya!

Sasa huku kwetu, muuza tembo sharti alionje kwanza mbele ya mnunuzi. Ndiko kuondoa uchawi, ijulikane hakutia kitu. Sisi wapishi tulikuwa tumeokoka, lakini kulogwa bado tulikuogopa. "Onja kwanza, ndugu," tulimwambia. Akakataa, akaapa kwa Biblia. Tukamwambia Biblia ni nzuri, lakini wewe onja. Akaonja tone, akatema. Mwezi wa pili akaacha kutema, akidai kutema mbele ya wateja si adabu.

Na mchovya asali hachovyi mara moja. Wapishi tulikuwa tisa. Tembo la alfajiri ni tamu, mtoto hunywa asidhurike, lakini alipofika kwa mpishi wa tisa jua lilikuwa utosini na tembo limeshakuwa kali. Mwezi wa nane alikuwa akija kwangu akiyumba, anaimba tenzi. Nilijua. Sote tulijua! Lakini vitumbua vilikuwa vikiumuka vizuri, basi nani angemsema? Tukasema ndugu Ngowa siku hizi ana furaha ya wokovu.

Mwaka ukatimia. Kafedha akaja siku ya Jumapili, moja kwa moja hadi kanisani, amejifunga leso mpya, mzigo wake kichwani. Ibada yetu ilikuwa ya alasiri, na Ngowa alikuwa ameshatuzungukia sote tisa. Alikuwa mbele akitoa ushuhuda, na aliutoa vizuri, watu wakapiga vigelegele. Alipomwona mkewe alishuka mbio, akamtua mzigo, akamshika mikono.

Kafedha alivuta pumzi mara moja tu. "Ngowa, umekunywa."

"Sijanywa, mke wangu. Nimeonja."

"Umeonja kwa nani?"

Ngowa akatutazama sisi wapishi. Kila mmoja wetu akainama akafunua kitabu cha nyimbo, hata Mama Katana asiyejua kusoma. Kafedha hakugomba. Alijitwika mzigo wake, akatoka.

Pasta akaja mbio. "Kulikoni, ndugu Ngowa?"

Hapo angesema kweli, nami ningesimama nikasema yangu, kisha ningekwenda Kaloleni kwa miguu yangu kumwangukia Kafedha. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini kusema kweli kulikuwa kusema kwamba hamira ni tembo, na kesho yake tungeumua kwa nini?

"Pasta," Ngowa alisema, "mke wangu ana pepo."

Tukaliombea pepo hilo saa nzima. Ngowa ndiye aliyeongoza, akilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, hayo siwezi kumnyima. Sisi wapishi tulikuwa mstari wa mbele, mikono juu, tukikemea kwa sauti kubwa kuliko wote. Pasta akatangaza kwamba pepo limetoka. Kafedha hakurudi tena.