Jina Lililotajwa kwenye Mshumaa wa Kwanza wa Majilio

Kiberiti kilikuwa bado mkononi mwa Yudith pale mama yake alipolitaja lile jina.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kuingojea Noeli, mwaka jana, nyumbani kwao Zuzu, nje ya mji. Taji la majani lilikuwa mezani na mishumaa yake minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Yudith akawasha wa kwanza.

Mama akautazama ule moto. Kisha akamshika Yudith mkono, akamnong'oneza kama mtu anayemtuma mwenzake jambo la haraka.

"Dada, mwambie yule Abubakari asije akamwambia Yudith."

Na Yudith ndiye huyo huyo aliyeshikwa mkono.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi na Yudith tunashona chumba kimoja pale Chang'ombe mjini, cherehani yake inatazamana na yangu. Kisa ni chake, na ruhusa ya kukiandika amenipa mwenyewe. Alitoa sharti moja tu: "Usinifanye malaika."

Sawa. Simfanyi.

Mama yake, Evodia, alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na ule ulikuwa mwaka wa pili. Alianza kusahau sufuria jikoni. Akasahau njia ya kanisani. Mwisho akamsahau hadi binti yake wa kumzaa. Yudith akaacha chumba chake mjini, akarudi Zuzu kumtunza. Kila asubuhi anamwogesha, anamvisha, anamnywesha uji, ndipo anakuja kazini. Mama anamwita "dada" tu, anadhani ni msichana wa kazi.

Sala ndiyo haikumtoka. Na sala nyumba ile hazikosekani, maana Mzee Sostenes, baba yake Yudith, ni katekista tangu Yudith hajazaliwa.

Lakini jina la Abubakari lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile kwa miaka kumi na miwili.

Abubakari alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache. Mara ya kwanza alikuja kwa sababu cherehani ya Yudith ilikuwa inakata uzi. Mara ya pili cherehani haikuwa na tatizo lolote.

Wakapendana. Yeye Mwislamu, Yudith Mkatoliki, hilo walilijua toka siku ya kwanza. Walishamwona hadi paroko, akawaeleza habari za ndoa ya mseto na ruhusa ya Askofu. Mzee Sostenes alinuna wiki mbili, ya tatu akasema, "Basi waje tuwasikie."

Siku ya posa ikapangwa, Jumapili ya nne ya Majilio, baada ya Misa. Kuku wakachinjwa, mikeka ikatandikwa, viti vikaazimwa kwa majirani.

Hakuja mtu.

Simu haipatikani. Kesho yake Yudith akaenda kwenye kibanda chake Chang'ombe, akakuta kufuli. Jamaa kaingia mitini.

Noeli ile Yudith aliipitisha kitandani, na aliyekaa naye siku zote ni Mama. Alimlisha kwa mkono, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwambia, "Mwanangu, Mungu amekuepusha na jambo."

Yudith hakuolewa tena. Wanaume walikuja, ila yeye hakuwaamini.

Sasa fikiria. Mama huyo huyo, miaka kumi na miwili baadaye, anasema Abubakari asije akamwambia Yudith.

Asimwambie nini?

Yudith akamwinamia. "Mama, Abubakari asimwambie nini?"

"Mama Meshack, tuendelee na sala," Mzee akadakia, akimwita mkewe kwa jina la kaka yake Yudith. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Jumapili ya pili, mishumaa miwili inawaka, Mama akaanza kujipangusa nguo. "Barabara ya Kondoa ina vumbi. Kitenge changu chote kimekuwa chekundu."

Barabara ile ina lami miaka mingi sasa.

"Ulikwenda Kondoa lini, Mama?"

Mzee akainuka, akasema anakwenda kuchota maji ya kunywa. Jagi lilikuwa limejaa pale mezani.

Yudith akajua wazazi wake wana kitu.

Ikaja Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya nne. Meshack, kaka yake, alishafika na mkewe kutoka Singida. Jumamosi hiyo nyumba yao ina utaratibu wake, Mzee aliuanzisha watoto wakiwa wadogo. Baada ya chakula cha mchana wanakaa sebuleni wote. Kila mmoja anamwendea aliyemkosea, analitaja kosa lenyewe, anasema, "Nisamehe." Aliyekosewa anajibu, "Nimekusamehe. Twende Bethlehemu."

Mzee alikuwa na kauli yake: asiyepatana na wa nyumbani kwake asipange mstari wa komunyo siku ya Noeli.

Miaka yote makosa yalikuwa madogo madogo. Nilikujibu vibaya. Niliazima shati nikalichana. Watu wanacheka, wanakumbatiana, maisha yanaendelea.

Mwaka jana Mzee, ambaye huwa wa mwisho, alianza yeye. Miaka sabini na minne, akapiga magoti mbele ya Yudith.

"Baba, inuka."

"Niache. Miaka kumi na miwili iliyopita nilikwenda Kondoa. Niliwaambia wazee wa Abubakari kuwa binti yangu haolewi na Mwislamu, wasikanyage hapa. Nikarudi, nikakaa na wewe kumsubiri mtu niliyejua haji. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Meshack akainamisha kichwa. Mkewe akajifanya anamfunga mtoto kiatu.

Mama, aliyekuwa anatabasamu tu, akaitikia, "Amina."

Watu wote wakamtazama Yudith wasikie jibu.

"Wale kuku niliwanyonyoa mimi, Baba," Yudith akasema. "Ulikuwa umekaa hapo mlangoni unaniangalia."

Akatoka nje. Jibu hakulitoa.

Jumapili hiyo hakugusa mshumaa. Aliyewasha ni Meshack. Na Yudith ananiambia kitu kinachomuuma mpaka leo ni hiki: jioni ile, akimpaka Mama mafuta, alilia mapajani pake. Alimwambia, "Mama, umesikia alichonifanyia Baba?" Na Mama alimpapasa kichwa, akamwambia, "Pole, dada. Wanaume ndivyo walivyo."

Jumatatu akapanda basi la Kondoa. Hakumuaga mtu zaidi ya mke wa Meshack, akamwachia kazi ya kumwogesha Mama.

Hakwenda kudai chochote. Alitaka tu kumwambia yule mtu kwamba yeye hakujua.

Kumpata haikuwa shida. Mafundi vyerehani Kondoa wanahesabika. Alimkuta kwenye fremu ya duka karibu na stendi, mvi zimeanza juu ya masikio. Abubakari alipomwona aliweka bisibisi chini polepole, akaita nyuma ya pazia, "Naima, njoo tukae wote. Ni Yudith."

Mkewe akatoka, akamkaribisha, akakaa. Kumbe jina alilijua.

"Sitakaa sana," Yudith akasema. "Nimekuja kukuomba radhi kwa aliyoyafanya Baba yangu. Mimi sikujua lolote mpaka juzi."

Abubakari akamtazama mkewe, kisha akamtazama yeye.

"Baba yako? Mzee wako mimi sijawahi kumwona kwa macho."

"Hakuja hapa kuwakataza?"

"Aliyekuja ni mama yako. Alikuja peke yake, siku ya Alhamisi, vumbi tupu."

Yudith anasema masikio yake yaliziba, kama mtu aliye kwenye basi linaloteremka mlima wa Kolo kwa kasi.

Abubakari akaendelea, taratibu, kama anayechomoa mwiba.

"Alimwambia mama yangu, wakiwa wawili ndani, kwamba una mimba ya mtu mwingine na unatafuta wa kumbambikia. Alilia, Yudith. Akasema ametuonea huruma, ndiyo maana amekuja."

"Na wewe ukaamini."

"Mama mzazi amseme hivyo mwanawe wa kumzaa? Nani hataamini?"

"Ungeniuliza. Swali moja tu, Abubakari."

Abubakari alichukua kitambaa akafuta mikono isiyokuwa na grisi.

"Baada ya miaka mitatu nilisikia huna mtoto," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeshaoa. Nikaona aibu kupiga simu."

Naima alimsindikiza hadi stendi. Njia nzima alimshika mkono, mpaka basi lilipokuja.

Yudith alifika Zuzu jua limeanza kushuka. Mzee alikuwa barazani anatengeneza pango la Noeli, anakunja mifuko ya saruji na kuipaka majivu ifanane na mwamba. Yudith akaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ulikuwa wapi, mama?"

"Kondoa."

Mikono ya Mzee ikasimama.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Mzee akageuka kuutazama mlango. Ndani Mama alisikika akiimba mstari mmoja wa wimbo wa Majilio, akiurudia rudia.

"Uliyajua lini?" Yudith akauliza tena.

"Kwaresima ya mwaka uliofuata. Mama yako alikonda, hali, halali, nikambana, akaniambia. Aliogopa utabadili dini, mwanangu, aliogopa wajukuu wasiobatizwa. Alikwishaungama kwa Padri. Padri alimwambia, nenda kamwambie binti yako. Akawa anasema, Majilio haya nitamwambia. Yanapita. Majilio yajayo. Mimi nikamwachia, nikasema ni neno lake, si langu. Hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa. Mwisho ugonjwa ukamkuta bado hajasema."

"Kwa hiyo ukaamua kunidanganya siku ya msamaha."

"Ndiyo. Nilisikia yameanza kumtoka mwenyewe mezani, nikajua siku yoyote utayajua. Hilo la kudanganya nitalipeleka kwa Padri."

"Lakini kwa nini, Baba?"

Mzee akaitazama mikono yake yenye majivu.

"Mimi ukinichukia nitavumilia. Najua kwa nini nachukiwa. Yeye hajui hata wewe ni nani. Na wewe ndiye unayemvua nguo kila asubuhi, unayemmwagia maji kichwani. Niliogopa mikono yako, Yudith."

Yudith aliingia ndani, akapita mbele ya Mama bila kumwangalia, akafunga mlango wa chumba chake.

Siku mbili zilizofuata mke wa Meshack ndiye aliyemwogesha Mama. Yudith hakuweza. Ananiambia alisimama mlangoni mwa bafu mara mbili na mara zote akarudi chumbani.

Asubuhi ya Noeli mke wa Meshack alikuwa na watoto wa kuvisha. Kazi ikarudi kwa mwenyewe.

Yudith alichota maji kwenye pipa, akayapeleka bafuni vile vile yalivyo. Mvua ilikuwa imenyesha, kuna baridi. Alijua kabisa ni ya baridi. Alinisisitiza niandike hivyo, kwamba alijua.

Kopo la kwanza, Mama akaruka, akajikunyata, akamtazama kwa hofu. Alianza kutetemeka, kifua kitupu, mifupa ya mabega imechomoza.

"Dada," akasema, "nimekukosea nini?"

Yudith akabaki na kopo mkononi.

Angeweza kumwambia. Maneno yote alikuwa nayo, miaka kumi na miwili, na yule wa kuambiwa amekaa mbele yake. Ila yule aliyefanya hakuwepo tena pale. Alikuwepo kikongwe mmoja anayetetemeka.

Akamfunika kanga, akabeba ndoo, akairudisha jikoni, akaweka maji motoni. Alikaa kando ya mafiga analia mpaka yakachemka. Kisha akayapoza, akamwogesha kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu.

Kanisani walikaa benchi moja, Mama katikati. Wakati wa komunyo Meshack na mkewe wakapanga mstari. Mzee hakuinuka. Katekista wa miaka yote hiyo, watu wanamtazama, akabaki amekaa. Yudith naye hakuinuka.

Mama akainuka.

Akaanza kwenda peke yake, anayumba, anamshika huyu na yule. Yudith ikabidi amfuate. Alimshika kiwiko hadi mbele. Mama akapokea, akasema "Amina" kwa sauti kama ya zamani. Padri akamtazama Yudith. Yudith akatikisa kichwa, akamgeuza mama yake taratibu, wakarudi.

Miezi imepita. Juzi nilimuuliza kama amesamehe. Alimaliza kwanza pindo la sketi aliyokuwa anashona.

"Baba nimemsamehe, nimemwambia," akasema. "Mama bado. Ila namwogesha kila siku, na maji ni ya moto."

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu ulimkosea na unangoja sikukuu fulani ndipo umwambie, usingoje. Kumwambia Padri ni vizuri, ila aliyeumia si Padri. Akili ni mali ya kuazima, mwenyewe anaweza kuichukua kabla hujafungua mdomo.

Na wewe uliyeambiwa jambo baya juu ya mtu unayempenda, hata kama aliyekuambia ni mama yake mzazi, nenda kamuulize mwenyewe.