Gitaa la Besi na Mafuta ya Papa

Mpiga besi wa kikundi kimoja cha taarabu hapa Wete alihamia Unguja, na harusi waliyoalikwa kupiga ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili yake. Niliitaka nafasi yake kuliko kazi zote nilizowahi kushika, na nimeshika nyingi: kuchuma karafuu, kufunga mwani Micheweni, kupasua mbao Makangale. Kote huko sikudumu.

Gitaa nilikuwa nalo, la Kichina, la bei ya chini kabisa. Maalim, mpiga fidla aliyeongoza kikundi, alilijaribu kidogo akanirudishia. Alisema vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo vinazuia sauti zilizo kati ya noti na noti, na nyimbo zetu zinazitaka. Mimi nikiambiwa kitu kina kasoro, situlii mpaka nikifungue.

Niling'oa vyuma vyote kwa koleo, nikaziba mifereji iliyobaki kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa mpaka shingo ikawa laini kama ya udi, ala isiyo na vyuma. Nikafunga nyuzi mpya nilizoagiza kutoka Dar. Likaimba. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ningeishia hapo. Lakini niliwahi kumsaidia fundi mashua Micheweni, na kule ubao mkavu hauachwi bila mafuta ya papa. Nikaipaka shingo mara tatu na kulianika gitaa juani, siku mbili.

Jumatatu alasiri, kwenye mazoezi, waimbaji waliziba pua kwa mitandio. Bibi mmoja wa kiitikio akaniuliza, "Yakhe, hilo gitaa au papa ng'onda?" Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka nao. Kwenye ubeti wa pili ubao wa shingo ulibanduka, nyuzi zikalegea.

Maalim aliugusa ule ubao, akanusa kidole.

"Mwanangu, mashua hupakwa mafuta kwa kuwa inakaa majini. Hili ulitaka likuvushe wapi?"

Nilimwomba siku mbili. Akasema gundi haishiki ubao uliokunywa mafuta, na hilo nililijua kabla hajasema. Kisha akamwambia mpiga kinanda ajaribu besi kwa mkono wa kushoto. Akajaribu. Wakaendelea kutoka ubeti ule ule.

Alhamisi nilikwenda harusini kubeba spika. Wanawake walicheza, wakawatunza waimbaji kwa pesa, na hakuna aliyeuliza mpiga besi yuko wapi.